Kufunga pampu ya vakyumu ya kiwandani mpaka ianze kazi, kuanzia boksi likiwa bado limefungwa

Kuna kazi moja nilikaa siku mbili nzima natafuta hewa inapovujia kwenye mfumo ambao haukuwa unavuja. Kiwanda cha minofu ya sangara Mwanza, jina naliacha, pampu mpya ya vakyumu, yaani ya kunyonya hewa, mabomba mapya, kila kitu kinang'aa, meneja anaangalia geji ya presha inasoma hasi 0.87 bari anasema mbona haifiki hasi moja, pampu mbovu hii, sisaini. Tukafungua flenji zote tukabadilisha gasketi, tukapaka sabuni kila jointi, geji imegoma palepale. Siku ya tatu ndo nikakumbuka kitu ambacho nilitakiwa nikikumbuke kabla hata sijashusha vifaa kwenye gari, kwamba Mwanza iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari na hewa ya pale ina mgandamizo wa karibu milibari 885 tu (milibari 1,000 ni bari moja), sio 1,013 kama pwani. Yaani hata ukiitoa hewa yote usibakize kitu, geji ya kawaida ya mshale haiwezi kuvuka hasi 0.885. Pampu ilikuwa imeshafika milibari 15 kamili, inafanya kazi safi kabisa, sisi ndo tunaisumbua.

Kwa hiyo naandika hii kwa fundi ambaye ameletewa boksi kaambiwa funga. Pampu ninayoiongelea ni ile ya bledi inayotumia oili, ndo nyingi kwenye viwanda vya kufungasha samaki na nyama, na nitachukua mfano wa pampu ya mita za ujazo 200 kwa saa yenye mota ya kilowati 5.5, inahudumia mashine tatu za kufungasha kupitia bomba moja kuu na tenki la lita 500. Ya kwako ikiwa kubwa au ndogo namba zitabadilika ila mpangilio wa kazi ni huuhuu. Na kitabu cha pampu yako kikisema tofauti na mimi, fuata kitabu.

Kwanza uelewe unachokifunga

Ndani kuna rota iliyokaa pembeni kidogo ndani ya silinda, sio katikati, na ina mipasuo yenye bledi zinazoteleza. Rota ikizunguka bledi zinarushwa nje zinagusa ukuta wa silinda, nafasi inapanuka upande wa kuingilia inavuta hewa, inabana upande wa kutokea inaisukuma nje. Oili inafanya kazi tatu kwa wakati mmoja: inalainisha, inapooza, na inaziba ule upenyo mdogo kati ya bledi na ukuta. Bila oili hakuna vakyumu, na baada ya muda mfupi sana hakuna pampu. Hewa inayotoka inakuwa imebeba ukungu wa oili, inapita kwenye filta za kutenganisha ndani ya boksi la nyuma, oili inadondoka inarudi kazini, hewa inatoka.

Kitu kingine ni kavalvu kadogo kanakoitwa gesi balasti, kanaingiza hewa kidogo ya nje wakati pampu inabana. Mafundi wengi wanakaona kama uchafu, wanakaziba eti kanapunguza vakyumu. Ni kweli kanapunguza kidogo, ila ndo kanakosaidia mvuke wa maji utoke nje kabla haujawa maji ndani ya oili. Kwenye kiwanda cha samaki ambako kila kitu kinalowa, hako kavalvu ndo uhai wa pampu.

Mahali pa kuiweka

Usiiweke kwenye chumba cha kufungashia. Inatoa joto, ina kelele, ina harufu ya oili, na jioni watu wanaosha sakafu na kuta kwa mpira wa maji wa presha na hawataangalia mota yako iko wapi. Iweke chumba cha jirani, pakavu, penye madirisha ya kupitisha hewa, sakafu ya zege. Chumba kikifika nyuzi 40 oili inapata shida kupoa na mota pia, maana mota nyingi za viwandani zinahesabiwa kwa nyuzi 40 na mwinuko usiozidi mita 1,000, sasa sisi tulio kanda ya ziwa au Nairobi tumeshapita hapo tayari, kwa hiyo usiipe mota na mzigo wa joto juu yake. Acha nafasi kuzunguka pampu, hasa upande wa feni na upande wa kubadilishia filta. Nimeshakuta pampu imesukumwa ukutani kabisa, kubadilisha filta tu inabidi ufungue bomba lote la kuingilia.

Kuipokea

Fungua boksi mbele ya mtu wa stoo, piga picha kibati: volti, ampia, mzunguko, kiasi cha oili, vakyumu ya mwisho (presha ya chini kabisa inayoweza kufika). Hiyo picha utaihitaji mara kumi. Angalia kama ni ya hezi 50, ndo umeme wetu.

Pampu mpya karibu zote zinakuja bila oili, na kuna sababu. Ukiisafirisha na oili ndani, inaingia kwenye silinda, siku ya kuiwasha bledi zinakutana na oili isiyobanika zinavunjika. Kwa hiyo usije ukajaza oili stoo ndo uibebe kwenye foko kwenda ilipo, oili inaingia ikishakaa mahali pake basi. Uzito ni kilo 150 na zaidi, tumia ile pete ya kunyanyulia na mnyororo mzima, usifunge kamba kwenye feni wala kwenye boksi la filta.

Midomo yote miwili, wa kuingilia na wa kutokea, ina vifuniko vya plastiki. Viache mpaka dakika ya mwisho ya kufunga bomba, halafu uvitoe. Nasema uvitoe kwa sababu kifuniko cha mdomo wa kutokea kikisahaulika, pampu inawaka inabana hewa isiyo na pa kwenda, na filta za ndani ndo za kwanza kupasuka.

Ikaze iwe sawa kwa pimamaji, maana usawa wa oili unategemea hiyo, ikilala upande kioo cha oili kinakudanganya. Raba za kuzuia mtikisiko chini, robolti kwenye zege. Kama ilikaa stoo muda mrefu izungushe kwa mkono kupitia feni, inatakiwa izunguke nzito lakini laini, ikikwama usiwashe.

Bomba la kuingilia, hapa ndo kazi ilipo

Nikiitwa kwenye pampu inayosemekana mbovu, kitu cha kwanza naangalia bomba. Mdomo wa pampu yetu ni nchi 2, mtu anaona bomba la nchi 1 limebaki stoo, anaweka ridyusa, anasema hewa ni hewa tu itapita. Haipiti hivyo bwana. Kwenye presha hizi za kufungashia, ukipunguza kipenyo nusu, uwezo wa bomba kupitisha hewa unashuka mara 16. Umenunua pampu ya mita 200 unatumia kama ya 50. Bomba lisiwe jembamba kuliko mdomo wa pampu, na kama unakwenda mita 30 au zaidi panda saizi moja. Kona ziwe chache na zile ndefu za kujikunja taratibu, sio elbow za ghafla tano mfululizo.

Bomba liwe la chuma cha pua au PVC nene ya presha. Usidharau hili. Vakyumu haisukumi kwa ndani, inayosukuma ni hewa ya nje, na hata hapo Mwanza hewa inakaa juu ya kila mita moja ya mraba kwa uzito wa karibu tani 9. Ndo maana tenki lazima liwe limetengenezwa kwa ajili ya vakyumu, lenye ukuta mnene na ncha za duara. Pipa la oili la lita 200 linajikunja kama kopo la soda, na tenki la plastiki la maji usilifikirie hata kidogo.

Mteremko: bomba lishuke kuelekea mbali na pampu, ili maji yakijikusanya yarudi kwenye mtego wa maji na sio kwenye pampu. Mtego ni chupa au tenki dogo lenye bolvalvu (valvu ya kufungua na kufunga kwa mkono) ya dreni chini, ya kutolea maji, unauweka kabla ya filta. Mpangilio kutoka mashine kuja kwenye pampu ni huu: mashine, bolvalvu ya kila mashine, bomba kuu, tenki, mtego wa maji, filta ya vumbi, sehemu ya geji, bolvalvu kubwa ya kutenga pampu, kipande cha mpira wa kunyumbulika chenye waya ndani, halafu pampu. Huo mpira unasaidia mtikisiko usivunje jointi. Kila mashine iwe na bolvalvu yake, ukibana matumizi hapo utajilaumu siku ya kutafuta tundu. Pampu nyingi zina nonritani valvu, inayopitisha upande mmoja tu, ndani ya mdomo wa kuingilia ili ikizimwa oili isinyonywe kwenda kwenye bomba, ila kama pampu ni zaidi ya moja kwenye bomba moja weka na nyingine ya nje kwa kila pampu.

Sasa usafi. Ukichomelea chuma kuna vipande vinabaki ndani, ukikata PVC kuna chenga, na vyote hivyo vitanyonywa kwenda kwenye bledi siku ya kwanza. Baada ya kuchomelea gonga bomba kwa nyundo ya raba, puliza kwa kompresa upande mmoja hadi mwingine, pitisha kitambaa kwenye waya kama linapitika, puliza tena. Hakuna anayelipia muda huo lakini ufanye. Tepu nyeupe ya mafundi bomba ni sawa kwenye uzi, ila anza nyuma ya uzi wa kwanza ili vipande visiingie ndani, na kwenye flenji tumia gasketi nzima sio ulizokata kwa mkasi kutoka tyubu ya baiskeli.

Weka geji inayosoma presha kamili, ile inayoanzia sifuri ya ukweli, sio ile inayolinganisha na hewa ya nje. Ni ghali kidogo kuliko geji ya mshale ya kawaida lakini ingeniokolea siku mbili. Kama unayo ya kawaida tu, basi tafuta presha ya hewa ya mahali ulipo kwanza ndo uhesabu: Dar ni kama 1,010, Mwanza 885, Nairobi ni kama 815 hadi 820. Milibari 10 zilezile, geji ya kawaida itasoma hasi 1.0 Dar, hasi 0.875 Mwanza na hasi 0.81 hivi Nairobi. Pampu ileile, kazi ileile.

Bomba la kutokea

Lipeleke nje ya jengo. Lisipungue kipenyo, lisiwe na valvu ya kufunga popote, na literemke kwenda nje. Kama lazima lipande juu kwenda paani basi kabla halijapanda weka kipande kinachoning'inia chini chenye dreni, maana mvuke utapoa humo ndani uwe maji na bila hicho kipande yanarudi moja kwa moja kwenye boksi la oili. Mwisho wa bomba weka kona inayotazama chini na wavu, mvua isiingie na nyigu wasijenge. Nyigu nimewakuta kweli, bomba limezibwa na udongo mgumu kama tofali.

Umeme

Hii sehemu ni ya fundi umeme mwenye leseni, kama sio wewe muite. Breka izimwe, kufuli liwekwe, na ufunguo ukae mfukoni kwa anayefanya kazi, sio kwa mlinzi.

Kilowati 5.5 kwa volti 400 ni kama ampia 11. Ovalodi, kile kinachokata umeme mota ikizidiwa, seti kwa namba ya kibati, isiwe juu yake eti inakatakata. Ukitumia sta-delta, yaani kuiwasha mota kwa hatua mbili, na ovalodi iko ndani ya mzunguko wa delta, inaona asilimia 58 tu ya mkondo, kwa hiyo 11 zidisha 0.58 unaseti 6.4. Wengi wanaseti 11 pale pale halafu mota inaungua ovalodi inaangalia. Ethi iwe ya uhakika, kebo ikaziwe glandi, na boksi la mota lifungwe na raba yake.

Kitu ambacho siachi siku hizi ni rilei ya kulinda fezi, ile inayokata ikipotea fezi moja au mpangilio ukigeuka. Sababu ni hii: unafunga kila kitu vizuri, pampu inazunguka upande sahihi, miezi mitatu baadaye umeme unakatika wanawasha jenereta ambalo mtu alilifanyia matengenezo akarudisha waya ovyo, pampu inawaka kinyume. Bledi hazikutengenezwa kwa hilo. Bei ya hiyo rilei ni ndogo sana ukilinganisha na seti ya bledi.

Oili

Oili ya pampu ya vakyumu, sio ya injini. Naongea hili kila siku na kila siku nakuta ya injini. Oili ya gari ina sabuni za kushikilia uchafu, na sabuni hiyo inashikilia maji pia, inatoa povu, na inatoa mvuke wake yenyewe kwenye vakyumu. Kwa pampu ya saizi hii mara nyingi kitabu kinataka namba 100 (ya unene wa oili), na kwa kuwa ni chakula ununue ile iliyoidhinishwa kwa viwanda vya chakula. Inaingia kama lita 5 hadi 7, kibati kitasema. Jaza pampu ikiwa imezimwa, polepole, hadi karibu na alama ya juu kwenye kioo, subiri dakika chache itulie, angalia tena. Ikipita alama ya juu itatoka na hewa kwenye bomba la kutokea uanze kulalamika filta mbovu.

Mi naweka oili kwanza ndo najaribu mzunguko.

Na onyo moja zito. Kama mashine zako zinafungasha kwa kujaza gesi yenye oksijeni nyingi kuliko hewa ya kawaida, simama hapo. Oksijeni nyingi ikikutana na oili ya kawaida yenye joto ni mlipuko. Inatakiwa oili maalumu na pampu iliyoidhinishwa kwa kazi hiyo, hamna njia ya mkato.

Kuigusa

Bolvalvu kubwa imefungwa, mshale wa mzunguko umeuona kwenye mwili wa mota, mwenzako amesimama pembeni anaangalia feni. Washa, zima, haraka, chini ya sekunde moja. Feni itakuwa bado inazunguka taratibu, linganisha na mshale. Ikiwa kinyume kata umeme, badilishana fezi mbili zozote, rudia. Na jaribu kwa umeme wa gridi na wa jenereta pia, vyote viwili, siku hiyohiyo.

Mzunguko ukishakuwa sahihi, iwashe dakika mbili tatu bolvalvu ikiwa bado imefungwa, izime, subiri. Usawa wa oili utakuwa umeshuka kwa sababu mabomba madogo na filta ya oili vimejaa. Ongeza mpaka panapotakiwa.

Kuiwasha sasa, kipande kwa kipande

Hapa ndo watu wanakimbilia kufungua kila kitu kwa pamoja halafu wakikuta vakyumu mbovu hawajui ni pampu, ni bomba au ni mashine. Nenda hivi.

Pampu peke yake kwanza. Bolvalvu imefungwa, geji ya presha kamili umeifunga kwa muda kwenye mdomo wa pampu, gesi balasti imefungwa. Iache izunguke nusu saa ipate joto, sikiliza. Sekunde za mwanzo bledi zinaweza kugongagonga kidogo mpaka oili ifike, ikiendelea zima. Andika presha iliyofika na ulinganishe na kibati. Pima ampia fezi zote tatu kwa klampu mita, ziwe karibu sawa na chini ya namba ya kibati. Joto la oili linatakiwa litulie, mara nyingi mahali fulani kati ya nyuzi 70 na 100, kwa hiyo lile boksi la nyuma usiliguse kwa mkono mtupu.

Ikifaulu hapo, pampu ni nzima na huna haja ya kuigusa tena. Fungua bolvalvu kubwa, mashine zote zikiwa zimefungwa. Sasa unavuta bomba na tenki, tuseme jumla lita 600. Muda wake unahesabika: ujazo gawanya kwa mwendo wa pampu, zidisha kwa logarithimu asilia ya presha ya mwanzo gawanya kwa ya mwisho. Mita za ujazo 0.6 gawanya 200 ni saa 0.003, yaani sekunde 10.8, na kutoka 885 hadi 10 logarithimu ni karibu 4.5, kwa hiyo sekunde 48. Kiuhalisia pampu inapungua nguvu ikikaribia mwisho, kwa hiyo dakika moja na kidogo sio tatizo. Ikichukua dakika nne, una tundu, au una maji, au bomba ni jembamba.

Jaribio la kuvuja

Vuta hadi milibari 10, funga bolvalvu kubwa, anza saa. Tuseme baada ya dakika 10 imepanda hadi 22. Zidisha lita 600 kwa milibari 12, gawanya kwa sekunde 600, unapata 12, yaani milibari-lita 12 kwa sekunde. Hiyo namba ina maana gani? Kwenye presha ya milibari 10, pampu inapoteza lita 1.2 kwa sekunde kufukuzana na huo uvujaji, ambayo ni kama mita za ujazo 4.3 kwa saa kati ya 200. Asilimia mbili. Mi hapo nasaini. Ingekuwa mita 40 ningerudi kwenye jointi.

Ila kabla hujashika spana, angalia presha inapandaje. Tundu linapandisha presha kwa mwendo uleule, kila dakika sawa na iliyopita, haichoki. Maji yanapanda haraka mwanzoni halafu yanapunguza mwendo na kusimama. Na yanasimama pa kujulikana: maji ya nyuzi 25 yana mvuke wa milibari 32, ya nyuzi 30 ni 42. Kwa hiyo ukiona geji inakwama kwenye thelathini na kitu, pampu inavuta na kuvuta haishuki, kuna maji yamelala mahali kwenye bomba, sio tundu. Fungua dreni, tafuta kipande kilichobonyea katikati ya mteremko, vuta na gesi balasti wazi mpaka yaishe.

Ikiwa kweli ni tundu, sabuni haikusaidii bomba likiwa kwenye vakyumu, na hapa najisema mwenyewe maana siku ile Mwanza tulipaka sabuni pampu ikiwa inavuta. Povu halitoki, sabuni inanyonywa ndani na kukuongezea maji. Tenga pampu, tenga mashine, ondoa geji ya presha kamili isije ikaharibika, halafu jaza bomba hewa ya kompresa kwa presha ndogo, 0.3 bari inatosha kabisa, ndo upake sabuni uangalie povu. Washukiwa wa kawaida ni yunioni (jointi ya kufungulika), shina la bolvalvu, kioo cha mtego wa maji na mahali geji ilipofungwa.

Bomba likishakuwa safi fungua mashine ya kwanza, pima, andika. Ya pili, pima, andika. Mashine ambayo ikifunguliwa namba zinaruka, tatizo ni raba za kifuniko chake au valvu zake, na hilo ni la mwenye mashine sio la pampu yako.

Kuingiza mzigo wa kweli

Minofu ina maji. Pampu ikianza kazi ikiwa ya baridi, mvuke unapoa humo ndani, unachanganyika na oili, na wiki moja baadaye kioo kinaonyesha rangi ya chai ya maziwa. Kwa hiyo kila asubuhi iwashwe nusu saa kabla ya kazi, bolvalvu imefungwa, gesi balasti wazi, ipate joto ndo mashine zifunguliwe. Wakati wa kazi isizimwe kila baada ya pakiti, iache izunguke valvu za mashine ndo zifanye kazi ya kufungua na kufunga.

Halafu utaombwa vakyumu kali zaidi, lazima, watu wanapenda namba ndogo. Waelezee kwamba minofu ya nyuzi 4 maji yake yanaanza kuchemka kwenye milibari 8, ikiwa ya nyuzi 10 ni kwenye 12. Ukishuka chini ya hapo hutoi hewa tena, unatoa maji ya samaki na kuyapeleka kwenye oili. Pale Mwanza tuliseti milibari 15 na pakiti zikatoka zimekaza vizuri tu.

Unachoacha ukiondoka

Daftari. Ukurasa wa kwanza uwe na namba za siku ya kwanza: presha ya pampu peke yake, muda wa kuvuta mpaka 10, namba ya kuvuja, ampia za fezi tatu, joto, usawa wa oili, na presha ya hewa ya mahali hapo kwa maandishi makubwa. Mwaka ujao mtu akisema pampu imechoka, anarudia vipimo vilevile analinganisha, haanzi kukisia.

Wiki ya kwanza kagua oili kila siku na kaza tena nati za flenji na za msingi baada ya siku mbili tatu. Oili ya kwanza ibadilishwe mapema kuliko zitakazofuata, kitabu kina masaa yake, ila ikiwa nyeupe au nyeusi usisubiri masaa. Imwage ikiwa ya uvuguvugu na pampu imezimwa, iingie kwenye dramu lenye mfuniko, sio kwenye mtaro unaoelekea ziwani.

Na jioni. Zamu ikiisha kila mtu anawahi daladala, anapiga breka kuu anaondoka, pampu inabaki na mvuke wa siku nzima tumboni unageuka maji usiku. Inatakiwa dakika 20 hadi 30 bolvalvu imefungwa gesi balasti wazi, oili ijikaushe, ndo izimwe. Pale Mwanza tuliwafungia taima kwenye paneli, ukibonyeza zima inaendelea yenyewe dakika 25 halafu inakata, na mwendeshaji mmoja alinipigia simu wiki ya kwanza akiniambia pampu imegoma kuzima.